Kituo cha wazee kipimwe kwa yule asiye na mgeni

Daftari lilikuwa limeshajazwa mpaka saa kumi na mbili jioni.

Na muda huo ilikuwa saa tisa mchana, jua la Septemba la hapa Tabora mnalijua lilivyo, mimi nimesimama mlangoni kwenye wodi ya wanaume ya kituo kimoja cha wazee, dada wa zamu ananionyesha jinsi wanavyoandika kila kitu. Maji, tiki. Kugeuzwa, tiki. Kubadilishwa nguo, tiki. Safu zimenyooka, kalamu ya bluu, mwandiko mmoja juu mpaka chini. Nikafuata kwa kidole mstari wa babu wa kitanda cha dirishani, nikakuta ameshakunywa maji ya saa kumi, ya saa kumi na moja na ya saa kumi na mbili. Nikainua macho nikamwangalia. Midomo imepasuka. Kikombe chake kiko juu ya kabati, kimefunikwa kisahani, na mkono wake hata angeunyoosha wote usingefika pale.

Dada wa zamu hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa mpole, anawaita wazee babu na bibi kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, na nilimuona akimfunga bibi mmoja kilemba taratibu bila kuharakisha.

Hilo ndo lilinisumbua wiki nzima, na wiki iliyofuata, mpaka nikaona bora niandike.

Kilichonipeleka pale

Mama mkubwa alipata kiharusi, upande wa kulia umelala. Anakaa Isevya na binti yake, dada yetu, ambaye sasa na yeye mgongo umeisha kwa kumnyanyua mama kutoka kitandani kwenda chooni, usiku na mchana, peke yake. Kaka wa Mwanza akaandika kwenye grupu la familia kwamba kuna kituo kinasifiwa, wewe uko hapo mjini nenda kaangalie utuletee repoti. Maneno yote kuhusu kumtupa mzee yalishasemwa kwenye grupu, na nyie mnayajua, sina haja ya kuyarudia.

Ila niliposhika simu niandike repoti nikakwama. Niseme nini? Sakafu safi, kweli. Rangi mpya ukutani, kweli. Hakuna harufu, kweli, lakini kutokuwa na harufu saa tisa mchana siku ambayo walijua nakuja kunaniambia tu kwamba wamedeki. Vyandarua vipo. Ugali upo. Wazee wamekaa chini ya mwembe wametulia.

Wametulia kwa nini? Mzee anatulia kwa sababu ameridhika, au kwa sababu amechoka kuita, au kwa sababu amepewa dawa ya usingizi. Kwa mgeni wa saa moja hao watatu wanafanana kabisa.

Hata waliotutangulia walikwama hapa

Nikaanza kusoma. Kuna daktari mmoja, Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma uuangalie sehemu tatu: vitu na watu waliopo, mambo yanayofanyika, na hali anayobaki nayo mgonjwa mwishoni. Nilipoisoma hiyo nikaona nilichokagua mimi ni sehemu ya kwanza peke yake. Vitanda, vyandarua, rangi. Ya pili niliisoma kwenye daftari. Ya tatu sikuigusa kabisa.

Na habari ya daftari, kumbe siyo ya Tabora tu. Marekani tangu 2008 serikali inavipa vituo vya wazee nyota, moja mpaka tano, ili familia ichague. Sasa moja ya vitu vinavyoleta nyota ni idadi ya wahudumu kwa wazee waliopo, na kwa miaka mingi idadi hiyo vituo vilikuwa vinajitajia vyenyewe. Ilibidi kuanzia 2016 vituo vitakiwe kupeleka kumbukumbu za mishahara, yaani nani alilipwa kwa masaa mangapi siku gani, na 2018 ndo hizo zikaanza kutumika kwenye nyota. Nchi yenye hela zote zile na kompyuta zote zile, na bado swali lilikuwa lilelile la kwangu mlangoni pale: huyu aliyeandika hiki, alikifanya?

Huku kwetu tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayomtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Umoja wa Mataifa nao 1991 ulipitisha kanuni kuhusu wazee, na moja wapo inasema mzee hata akiwa kwenye kituo ana haki ya heshima, ya faragha, na ya kuamua kuhusu matunzo yake mwenyewe. Nikaisoma hiyo ya mwisho mara mbili, maana kwenye grupu letu lote, meseji zote zile, hakuna aliyeandika kwamba mama mkubwa kaulizwa.

Nitarudi hapo.

Sista akaniambia niangalie visigino

Kuna mama mmoja jirani yetu Cheyo, nesi mstaafu, kalea wodi miaka mingi, wote mtaani tunamuita Sista. Nikamwendea jioni na karanga zangu nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "Mwanangu, umeangalia nyuso. Nyuso zinaoshwa wageni wakija. Kaangalie visigino."

Akanieleza vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza, uzito wake wote unakaa sehemu chache, visigino, nyonga, pale chini ya kiuno mwisho wa mgongo, damu inashindwa kupita na nyama inaanza kufa taratibu ndani kabla hata ngozi haijachanika. Ndo maana wodini wanafundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya masaa kama mawili. Kidonda kikishatokea hata uandike tiki daftari zima, mwili umeshatoa ushahidi wake.

Na hapo akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Kwa ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo hauonekani. Unatafuta pamekuwa peusi zaidi kuliko pembeni, unagusa kwa mgongo wa mkono kama pana joto au pamekuwa pagumu, au pamelainika kusiko kawaida, na unamuuliza mwenyewe kama panauma. Mlezi asiyefundishwa hivyo anaweza kuangalia kila siku na asione kitu mpaka siku nyama imefunuka.

Alafu uzito. Akasema waulize wanapima lini, waombe uone namba za miezi iliyopita. Mzee akipungua asilimia tano ndani ya mwezi mmoja, hapo kuna tatizo la kutafutwa. Bibi wa kilo 50, hiyo ni kilo mbili na nusu tu, huwezi kuiona kwa macho akiwa amevaa kitenge. Inaweza kuwa meno, inaweza kuwa kumeza kunamshinda, inaweza kuwa huzuni, inaweza kuwa sahani inawekwa mbali na inaondolewa imejaa na anayeondoa anadhani kashiba.

Na maji. Hapa sauti ilibadilika kidogo. Uzeeni kiu inapungua, mwili unakauka na mtu hasikii kuomba maji, anaanza kuchanganyikiwa, watu wanasema ndo uzee huo. Na kuna sehemu, akasema, maji yanapunguzwa makusudi, kwa sababu anayekunywa anakojoa, na anayekojoa anahitaji pampasi au mtu wa kumpeleka chooni, na pampasi ni hela na mtu hayupo.

Nikakumbuka kile kikombe kilivyokaa mbali.

Lakini mimi ni nani wa kufunua shuka la mtu?

Hili lilinisumbua kuliko yote. Nimetumwa na familia kuangalia kama mama yetu atakaa vizuri, je hiyo inanipa ruhusa ya kuangalia visigino vya baba wa watu wengine? Yule babu hajaniita. Hana habari na grupu letu. Kama kweli nataka mama mkubwa aheshimiwe basi siwezi kuanza kwa kumvunjia mwingine heshima ili nipate jibu langu.

Sista akasema ni rahisi, unamwamkia, unakaa, unamwambia umetoka wapi na kwa nini umekuja, unamuomba. Akikataa unaacha. Na ukiona kituo ambacho wahudumu wenyewe wanafunua mzee mbele za watu bila kumwambia kitu, tayari umeshapata jibu moja.

Tukakubaliana twende wote, jioni, muda wa chakula, bila kupiga simu.

Muda wa chakula

Getini hawakutuzuia, na hilo nalihesabu kwa uzuri wao kabisa. Kituo kinachokataa mgeni wa ghafla ningekikimbia.

Wazee wanane kwenye wodi ya wanawake wanahitaji kulishwa. Mlezi mmoja. Fanya hesabu mwenyewe, mtu mwenye shida ya kumeza anataka nusu saa ya kulishwa vizuri, kijiko kidogo, ameze, asubiriwe, kingine. Nane mara nusu saa ni masaa manne na ugali umeshapoa zamani. Kwa hiyo kinachotokea ndicho kilichotokea, kijiko kinakimbia, "fungua mdomo bibi", "meza bibi", na mmoja alikuwa analishwa amelala chali kabisa. Sista hakusema neno, akaenda akamuinua, akamuwekea mto mgongoni, akachukua sahani na kijiko akaendelea yeye. Baadaye ndo akaniambia kwamba chakula kikienda njia ya hewa mzee anapata nimonia, na kifo kinaandikwa nimonia, hakiandikwi kijiko.

Mimi nikakaa kwenye benchi kona. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Bradford, Uingereza, profesa Tom Kitwood na wenzake walitengeneza njia ya kuangalia vituo vya wazee waliopoteza kumbukumbu, mtazamaji anakaa sebuleni kimya na kila dakika tano anaandika mzee huyu anafanya nini na anaonekanaje. Hamuulizi mkuu wa kituo, hasomi daftari. Anaangalia tu. Nikafanya vivo hivyo kwa kadiri nilivyoweza, bila fomu.

Nilichokiona ni kwamba maneno mengi yaliyosemwa kwa wazee pale yalikuwa amri. Kaa. Geuka. Fungua. Subiri. Siyo kwa ukali, kwa haraka tu. Isipokuwa kitanda kimoja.

Bibi mmoja upande wa pili, binti yake anakuja kila Jumapili. Kucha zimekatwa. Chupa ya chai iko karibu na mkono. Khanga yake ina jina limeandikwa pembeni kwa uzi, haichanganywi na za wengine. Mlezi akipita pale anasimama, anamuuliza Mariamu wako kapiga simu leo? Nimebadilisha jina. Kitanda kinachofuata, hatua mbili tu, bibi asiye na mtu, kucha zimejikunja, blauzi siyo yake maana mabega yanadondoka, na mlezi yuleyule, mwenye moyo uleule, anapita hapo kama anapita kwenye ukuta.

Hapo ndo mawazo yangu yote yaligeuka.

Mpaka dakika ile nilikuwa najiuliza mama mkubwa atatunzwaje, na jibu lilikuwa mbele yangu, atatunzwa vizuri tu, kwa sababu ana sisi. Tutakuja, tutauliza, watamjua jina. Nilichokuwa napima ni nguvu ya familia yetu kumsimamia, nikadhani napima kituo. Kituo chenyewe, yaani kile kinachofanya pale ambapo hakuna mtu wa nje anayeuliza, kiko kwenye kile kitanda cha pili. Na kiko kwa babu wa dirishani.

Babu aliyeandikwa haongei

Kwenye faili lake imeandikwa haongei. Pia imeandikwa anapiga kelele usiku, mkorofi akigeuzwa. Alikuja bila ndugu, alifanya kazi reli enzi hizo, hakuna anayejua zaidi.

Sista ni mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma kwa Waha. Aliliangalia jina la babu pale kitandani, akavuta kiti, akamwamkia Kiha.

Babu akajibu.

Siyo neno moja, aliongea. Kwa shida, sauti imekwama, Sista ameinama karibu kabisa na mdomo wake. Waliongea muda mrefu na mimi sikuelewa chochote. Kwanza maji, akanywa kikombe kizima na kingine. Alafu Sista akanitafsiria: nyonga ya kushoto inamuuma, wakimgeuzia huko anasikia kama anavunjwa, ndo maana anapiga kelele. Kiswahili chake kimeondoka na ugonjwa, au kimejificha, kimebaki Kiha cha mama yake.

Dada wa zamu alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia. Akaweka mikono kichwani. "Mungu wangu, mimi si nilikuwa namgeuzia huko kila siku."

Mji huu una Waha wangapi? Reli ya Kigoma inapita hapahapa. Ni mtu mmoja tu alihitajika, mpishi, mlinzi, muuza mkaa wa nje, yeyote, wa kukaa na yule babu na kujaribu. Hakuna aliyejaribu kwa sababu hakuna aliyekuwa anaulizia. Angekuwa na mtoto, mtoto angesema baba anaongea Kiha, na siku ya kwanza tu ingeandikwa.

Aliyeniambia ukweli kuhusu tiki

Tulipotoka nje dada wa zamu alitufuata mpaka kwenye mwembe. Sikumuuliza habari ya daftari, alianza mwenyewe. Usiku anabaki mlezi mmoja kwa wodi zote mbili. Mmoja. Kugeuza mtu mzito peke yako huwezi bila kumuumiza au kujiumiza, wanaotakiwa kugeuzwa ni wengi, na mishahara mara nyingine inachelewa. "Wakija wakaguzi wanaomba daftari," akasema. "Wakikuta pamebaki wazi naulizwa mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza usiku nilikuwa na nani."

Sijui kumhukumu huyu dada na sitaki. Amewekwa mahali ambapo akiandika ukweli anaadhibiwa na akiandika uongo anasifiwa. Lakini pia siwezi kusema ni sawa, maana yule babu hakunywa maji. Vyote viwili nimevibeba na havijakaa vizuri mpaka leo.

Repoti niliyoandika

Kaka alitaka jibu fupi, pazuri au pabaya. Nikamwandikia kwamba pana watu wema, geti liko wazi, chakula kipo, na usiku hakuna mtu. Na kwamba mama atakuwa sawa kwa sababu sisi tupo, na hiyo haitoshi kuniridhisha.

Alafu nikaenda Isevya nikamsimulia mama mkubwa kila kitu, na kikombe, na kijiko, na babu. Kiharusi kimeharibu maneno yake ila akili ipo. Nikamuuliza anataka nini. Alichukua muda. Akasema anataka binti yake apone mgongo. Atakwenda, akasema, ila siyo kabla ya usiku kupata mtu wa pili.

Kwa hiyo tulirudi kwa mkuu wa kituo, tukaenda na sharti lake hilo mkononi. Ni mama wa makamo, hakukasirika. Kuhusu babu, alishaita daktari aje aangalie nyonga, na mpishi mmoja Muha sasa anapita kwake asubuhi. Kuhusu usiku alisema hela hana, lakini familia tano zikichangia kila mwezi anaweza kuajiri. Alafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: wakilipa wenye ndugu, huyo mlezi si atakuwa wa wenye ndugu?

Tukakubaliana iandikwe kwenye barua ya makubaliano kwamba mzunguko wa usiku unaanzia kwa wasio na wageni, na kwamba kila familia inayokuja kutembelea inapewa jina la mzee mmoja wa kumuulizia tofauti na wa kwao: amekunywa, uzito wake mwezi huu, amegeuzwa na nani.

Kaka amekubali kutoa hela. Hicho kipengele cha mzunguko anataka kitoke. Anasema analipa kwa ajili ya mama yake na siyo haki mama yake awe wa mwisho kufikiwa, na siwezi kusema hana hoja, ni mtoto anayempenda mama yake. Mimi nataka kibaki, na mama mkubwa nilipomuuliza alisema kibaki. Mpaka naandika hapa familia zilizokubali ni tatu, tunatafuta mbili, na barua haijasainiwa.

Kama una mzee kwenye kituo chochote hapa Tabora, au Kigoma, au popote, ukienda safari hii waulize wako wangapi usiku, na uulize jina la mzee wa kitanda cha pembeni. Alafu niandikie walichokujibu.